Risasi Tano, Tundu Moja: Rekodi za Mafundi na Wapenzi wa Bunduki

Afrika Mashariki, fundi akikutwa na gobore alilolichonga mwenyewe nyuma ya nyumba, ataishia mahakamani. Marekani, Uingereza na kwingineko, ndani ya sheria zao, wapo watu wengi wanaochonga vitako, kubadilisha kasiba na kufufua bunduki za babu zao kwa starehe tu. Hawaendi vitani, na wengi wao hata porini hawaendi. Wanachotafuta ni tundu dogo kwenye karatasi, au mlio wa bati la chuma lililogongwa kutoka mbali. Na penye watu wanaopenda kupima, rekodi hazikosi.

Hizi nimezichagua kwa upendeleo. Za vita nimeziweka kando, nikabaki na zilizozaliwa karakanani na kwenye viwanja vya shabaha. Ukizipitia utaona kwamba mafundi wamekaribia kukituliza chuma kabisa. Anayewashinda bado ni yule aliyeshika kitako.

Tundu dogo kuliko yote

Katika ulengaji wa mezani, bunduki hulazwa juu ya meza imara, ikiegemea mifuko ya mchanga mbele na nyuma, na mlengaji hupiga risasi tano kwenye karatasi iliyo yadi 100 mbele yake, yaani mita 91. Kisha hupimwa umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Mwaka 1973 Mmarekani Mac McMillan alipiga tano zake zikaachana kwa inchi 0.009. Watu wakazeeka wakiifukuza rekodi hiyo. Ilikaa miaka 40, hadi 2013, Mike Stinnett alipopiga inchi 0.0077. Hizo ni milimita 0.196, unene wa karatasi mbili za kuchapia zikibanwa pamoja. Risasi yenyewe ina kipenyo cha milimita 7.8, kwa hiyo asiyeujua mchezo angeapa kwamba imepita moja tu.

Waamuzi walikwisha kuliona tatizo hilo. Nyuma ya shabaha huwekwa ukanda wa karatasi unaosogea polepole, ili kila risasi iache alama yake peke yake huko nyuma na asitokee mjanja wa kupiga mbili akadai tano.

Bunduki ya mchezo huu haina kazi nyingine duniani. Kasiba ni nene, ya chuma cha pua, na baada ya risasi elfu moja hivi hubadilishwa, kwa kuwa moto wa baruti umeshalila koo lake. Sehemu inayobeba komeo mara nyingi hugandishwa moja kwa moja kwenye kitako kwa gundi, isicheze hata kidogo. Kifyatulio huachia kwa uzito wa gramu 57 hivi. Ukikigusa bila kukusudia, imekwenda. Darubini hukuza mara 36 au zaidi, kiasi cha kuona mawimbi ya joto yakipanda kutoka ardhini. Uzito nao umewekewa kanuni: daraja moja haliruhusu zaidi ya kilo 4.76, jingine linaishia kilo 6.1. Halafu, kati ya meza na shabaha, kunapangwa safu za bendera ndogo za upepo, maana upepo ndio kitu pekee kwenye uwanja huo ambacho fundi hawezi kukichonga.

Kinachonifurahisha zaidi kimo ndani ya ganda la risasi. Risasi iliyoutawala mchezo huu tangu miaka ya 1970 ni 6 PPC, iliyobuniwa na daktari, Louis Palmisano, akishirikiana na fundi wa vyuma, Ferris Pindell. Ganda lake lilitokana na lile la .220 Russian, nalo la .220 Russian lilizaliwa na 7.62×39, risasi ya Kalashnikov, ile inayojulikana kuanzia Goma hadi Lamu. Risasi ya Stinnett, .30 Stewart, imo katika ukoo huo huo. Silaha iliyosifiwa kwa kufyatuka hata ikijaa matope, bila kujali sana imepiga wapi, ndiyo bibi wa risasi zenye shabaha kali kuliko zote.

Mbali kuliko zote

Septemba 2022, katika jimbo la Wyoming, kikundi cha walengaji kiligonga shabaha iliyokuwa umbali wa maili 4.4, zaidi kidogo ya kilomita 7. Risasi yao, .416 Barrett, ilikaa angani sekunde 24.5.

Kazi kubwa hapo ilikuwa ya vifaa. Risasi inayosafiri umbali huo huanguka mno njiani, hivyo lazima mdomo wa kasiba uelekezwe juu sana. Na ukishauinua kiasi hicho, darubini ya kawaida inakuonyesha mawingu. Ikabidi wafunge mbele ya darubini kifaa chenye prizma kinachopinda njia ya mwanga, ili jicho literemke kwenye shabaha huku kasiba ikitazama mbinguni.

Walifanikiwa kwa risasi ya 69. Sitaki kuwaharibia sherehe, lakini kwangu hiyo ni rekodi ya hesabu na subira kuliko ya shabaha. Anayetaka kuona umbali unaodaiwa kwa haki aangalie mashindano ya King of 2 Miles, ambayo yamefanyika Raton, New Mexico. Huko shabaha ya mwisho iko kilomita 3.2, na mlengaji hupewa risasi chache tu kwa kila umbali. Ukikosa, unamwachia mwenzako nafasi.

Nzito, na ile iliyokwepa ahadi

Kampuni ndogo ya Marekani, SSK Industries ya J. D. Jones, iliwahi kutengeneza bunduki za .950 JDJ. Zilitoka tatu tu. Kila moja ilikuwa na uzito wa hadi kilo 54 hivi kulingana na kasiba yake, na risasi zake zilifika gramu 230. Haibebwi begani. Ni mchezo wa kuonyesha kwamba inawezekana, na baada ya kuonyeshwa sioni cha kuongeza.

Ya Waingereza ina kisa zaidi. Holland & Holland wa London walikuwa wametengeneza bunduki ya mitutu miwili ya .600 Nitro Express na kumuuzia mteja kama ya mwisho ya aina yake. Miaka ikapita, akaja Mmarekani, William Feldstein, akiitaka .600 yake. Ahadi ni ahadi; wakakataa. Feldstein hakununa. Akashirikiana na Jim Bell kubuni risasi mpya, kubwa kuliko ile iliyofungiwa, na mwaka 1988 ikazaliwa .700 Nitro Express, yenye risasi ya gramu 65. Kampuni ikaitengenezea bunduki bila kuvunja neno lake kwa mteja wa kwanza. Huo ni uungwana wa wafanyabiashara: mlango umefungwa, lakini dirisha hakuna aliyelitaja.

Ufufuaji bora kuliko wote

Novemba 6, 2014, mwanaakiolojia wa Hifadhi ya Taifa ya Great Basin, Nevada, alikuwa akikagua eneo la milimani alipoona bunduki imeegemea mreteni. Mbao zake zilikuwa zimepauka na kupasuka zikafanana rangi na gome la mti, na ncha ya kitako ilikuwa imezama udongoni. Ilikuwa Winchester ya modeli ya 1873. Namba yake ilipotafutwa katika daftari za kiwanda zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Cody, Wyoming, ikaonekana ilitoka kiwandani mwaka 1882. Nani aliiegemeza pale, na nini kilimzuia kuirudia, hadi leo hakuna ajuaye.

Ilipelekwa Cody kutibiwa, na hospitali ya mji huo ikaipiga eksirei. Kasiba haikuwa na kitu. Lakini ndani ya kitako, kwenye kishimo cha kuwekea fimbo za kusafishia, mlikuwa na risasi moja, imekaa humo zaidi ya miaka mia.

Nimeiita kazi hii ufufuaji bora kuliko wote ingawa karibu hakuna kilichofanywa, na ndiyo maana. Wahifadhi waliondoa uchafu na kuzitia gundi nyufa za mbao zisizidi kubanduka. Kutu hawakuisugua. Weupe wa mbao hawakuupaka mafuta. Wakairudisha hifadhini ikiwa vilevile, bunduki iliyosahauliwa mlimani, na leo wageni wanapewa nafasi ya kuitazama.

Mpenzi wa kawaida angeshika msasa. Namjua mtu wa aina hiyo, nanyi mnamjua: haachi kitu cha kale kiwe cha kale. Anasugua mpaka alama za kiwanda zinapotea na kingo kali za chuma zinaviringika, kisha anapaka rangi mpya ya buluu ing'ae dukani. Kwa bunduki ya kawaida ya kuwindia hakuna ubaya, ni chombo chake na amekirudisha kazini. Kwa ile yenye historia, thamani yake imebaki sakafuni kama unga wa msasa. Mafundi wazuri wa kazi hii hutumia muda mwingi kuamua nini wasiguse.

Winchester hiyo ya 1873 ilitengenezwa kwa wingi, zaidi ya 720,000, kwa hiyo kuipata si muujiza. Muujiza ni kupata mojawapo ya zile zilizoitwa One of One Thousand. Katika miaka ya 1870 kiwanda kilikuwa kikijaribu kasiba zake kwa kupiga shabaha, na zile zilizofanya vizuri kupita nyingine zilifungwa kwenye bunduki zenye umaliziaji wa hali ya juu na kuuzwa dola 100. Zilitoka zaidi kidogo ya 130 tu. Filamu ya Winchester '73, iliyochezwa na James Stewart, ilipokuwa ikitangazwa mwaka 1950, studio iliwatafuta wenye bunduki hizo, na kadhaa zikaibuka kutoka majumbani.

Kiwanda kikongwe

Beretta ya Italia. Oktoba 1526 Bartolomeo Beretta wa Gardone Val Trompia aliliuzia ghala la silaha la Venice kasiba 185 na kulipwa dukati 296. Hati ya malipo ipo. Ukoo bado unamiliki kampuni. Ni karne tano hizo, na ilipoandikwa hati hiyo Wareno walikuwa bado hawajaanza kuijenga Fort Jesus ya Mombasa.

Mlengaji wa cheo cha juu kuliko wote

Julai 2, 1860, Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza kilifungua mashindano yake ya kwanza huko Wimbledon. Bunduki ya Whitworth, ambayo tundu la kasiba yake lina pembe sita badala ya duara, ilifungwa kwenye fremu ya chuma na kulengwa vizuri kabla mgeni hajafika. Malkia Victoria akaja, akavuta kamba ya hariri. Risasi ikapiga inchi moja na robo kutoka katikati, kwa umbali wa yadi 400. Magazeti yalimsifu Malkia. Mimi ningemsifu aliyefunga skrubu.

Iliyoishi maisha mawili

Martini-Henry iliingia jeshini Uingereza mwaka 1871: risasi moja kwa wakati, wenzo chini ya kitako, unaushusha na kifungio kinafunguka. Mfumo wake ulitokana na kazi ya Friedrich von Martini wa Uswisi, na kasiba ni ya Alexander Henry wa Edinburgh. Ndani ya miaka 20 jeshi lilikuwa limeshaigeukia bunduki ya magazini.

Hapo ndipo maisha ya pili yalipoanza. Kifungio kile kifupi na kigumu kikawapendeza mafundi wa shabaha. Kampuni ya BSA ya Birmingham ikakitumia kwenye bunduki za mashindano za risasi ndogo ya .22, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ukiingia klabu ya shabaha ya Kiingereza ungekuta watu wamelala kifudifudi na Martini zao. Kwa mfumo uliobuniwa enzi ya magari ya farasi, sijui mwingine uliotumikia michezo kwa muda huo.

Na kuna maisha mengine tena, wasomaji wetu wa Muscat wanayajua kuliko mimi. Oman bunduki za namna hii ziliingia kwa wingi karne ya 19, na hadi leo hutolewa kwenye harusi na sherehe, wanaume wakizirusha na kuzidaka, kasiba zikiwa zimefungwa pete za fedha. Wamarekani huongeza darubini, taa na vishikio. Waomani waliongeza fedha. Kati ya mapambo yote yaliyowahi kuwekwa kwenye bunduki, napiga kura yangu Muscat.

Iliyochelewa kustaafu

Lee-Enfield Namba 4, ndugu wa ile iliyobebwa na askari wa King's African Rifles (KAR). Rangers wa Kanada, wanaolinda kaskazini yenye barafu, walikabidhiwa mwaka 1947 na walianza kupewa mbadala mwaka 2018. Sababu ya kuchelewa ni rahisi: kwenye baridi kali ilikuwa bado inafanya kazi.

Iliyozunguka na kuishia karibu nasi

Mwaka 1907 mwindaji Jim Corbett alimuua chui milia jike wa Champawat, India, aliyekuwa ameua watu 436. Zawadi yake kutoka kwa mtawala wa jimbo ilikuwa bunduki nyepesi ya .275 iliyotengenezwa na John Rigby wa London juu ya mfumo wa Mauser, na kwenye kitako ikapigiliwa bamba la fedha lenye maelezo ya tukio. Corbett alihamia Kenya mwaka 1947, akaishi Nyeri, na amezikwa huko tangu 1955. Bunduki imerudi kwa walioitengeneza. Rigby waliinunua mwaka 2015.

Risasi ya aina hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa na W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo Bell kwa ajili ya Karamoja ya Uganda. Aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa risasi hiyo ya milimita 7, wakati wenzake walibeba mizinga ya bega. Wapenzi wa bunduki wanaitaja kama rekodi ya ustadi, kwa kuwa alichunguza fuvu la tembo mpaka akajua ubongo uko wapi kutoka kila upande. Mimi naiona pia kama hesabu ya meno ya tembo yaliyopelekwa sokoni, na sina hamu ivunjwe.

Shabaha ya jirani

Rigby mwenyewe alikuwa mlengaji. Septemba 26, 1874, alikuwemo katika timu ya Ireland iliyokwenda Creedmoor, Long Island, kupambana na Wamarekani kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Waairishi walikuja na bunduki zake za kushindilia kutoka mdomoni, zilizosifika kuliko zote. Wamarekani walitegemea Remington na Sharps za kupakia nyuma, zilizotengenezwa kwa ajili ya siku hiyo, na ndani ya timu yao alikuwemo L. L. Hepburn, fundi wa Remington. Kwa hiyo yalikuwa mashindano ya mafundi, kila upande na mjenzi wake uwanjani.

Wamarekani walishinda 934 kwa 931. Pointi 3. Na kabla ya hapo Mwairishi mmoja, J. K. Milner, alikuwa amepiga katikati kabisa, pointi 4 kamili, kwenye shabaha isiyo yake. Hakupewa hata moja.

Ungedhani kosa hilo lilizikwa na karne yake. Mwaka 2004 Mmarekani Matthew Emmons alikuwa akijiandaa kwa Olimpiki ya Athens alipokuta bunduki yake imeharibiwa ndani ya kasiba na mtu asiyejulikana. Kwa mlengaji wa kiwango hicho hilo ni pigo: kitako kimerekebishwa kwa milimita kumfuata yeye, kuanzia shavu hadi kidole. Akaazima ya rafiki yake, Amber Darland, akaenda nayo Athens, akashinda dhahabu ya mita 50 kwa kulala. Ningependa kila anayeamini kwamba kifaa kimoja zaidi ndicho kitakachomwokoa akitafakari kisa hicho.

Siku mbili baadaye, mchezo wa mikao mitatu. Risasi imebaki moja, Emmons anaongoza kwa pointi 3. Analenga, anafyatua, anagonga. Ubao wake hauonyeshi kitu. Alikuwa amepiga shabaha ya jirani. Akashuka hadi nafasi ya nane, na dhahabu akaichukua Jia Zhanbo wa China.

Beijing 2008, mchezo uleule, risasi ya mwisho, anaongoza tena. Kidole kikagusa kifyatulio kabla hajawa tayari: 4.4, nafasi ya nne. London 2012 risasi ya mwisho ilikuwa 7.6 na akatoka na shaba. Yumkini hakuna mlengaji mwingine aliyeteswa na risasi ya mwisho namna hii. Siku hizo hizo za Athens, baada ya kosa lake, mlengaji wa Kicheki, Kateřina Kůrková, alimfuata kumpa pole. Walioana, na Beijing 2008 mkewe ndiye aliyetwaa dhahabu ya kwanza ya michezo yote.

Mzee na binti

Oscar Swahn wa Sweden alianza Olimpiki akiwa na miaka 60, London 1908, akashinda. Mwaka 1912 alitwaa dhahabu ya timu pamoja na mwanawe Alfred, akiwa na miaka 64, na mwaka 1920 huko Antwerp akapata fedha akiwa na 72. Mchezo wake ulikuwa sanamu ya paa inayokimbia. Hakuna mwanamichezo mzee kuliko yeye aliyepata medali ya Olimpiki.

Upande wa pili yupo Ban Hyo-jin wa Korea Kusini, miaka 16, Paris 2024, bunduki ya hewa ya mita 10. Duara la kumi kwenye shabaha hiyo ni nukta ya nusu milimita, na alikuwa ameanza kulenga miaka mitatu tu kabla. Fainali iliisha yeye na Huang Yuting wa China wakiwa sare kwa 251.8, wakaongezewa risasi moja moja. Huang akapiga 10.3, Ban 10.4, na Korea ikapata dhahabu yake ya 100 ya Olimpiki za kiangazi.